Mkono Uliojaribu Mafuta ya Masika

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina lilimpata dukani kwa dobi, alikopiga pasi tangu ana miaka ishirini na mmoja mpaka akatimiza hamsini na minne, na kama kuna aliyewahi kumuuliza jina lake la kweli, basi aliuliza kimoyomoyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinamia mbele kidogo, utadhani meza ya pasi anakwenda nayo hadi sokoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu matatu ya kuungua. Mkono wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, haukuwa na hata doa, na huo wa kushoto ndio wenye habari hii.

Kule kwa dobi aliulizwa swali moja tu: "Zimekwisha?" Zikiwa zimekwisha, aliletewa nyingine. Zikiwa bado, aliambiwa akaze mkono. Miaka thelathini na mitatu ya "zimekwisha" na "bado". Usimwonee huruma mapema; mwenyewe alisema kazi ile ina raha yake, maana nguo inakuja imekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa kelele, inaondoka inastahili salamu. Ila maoni yake hayakuhitajika pale, na kwa kutohitajika huko alikuwa ameshaanza kuamini kwamba hana maoni.

Aliyemtoa kwenye imani hiyo ni fundi wa manukato. Huyu bwana alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa: dirisha dogo, rafu tatu za chupa nyeusi, mizani ya kitoto, na kiti kimoja kizima. Cha pili kilikuwa cha kumtishia mgeni. Akiwa hayupo watu walimwita Kichupa, akiwepo, Fundi. Alikuwa mfupi, mkaidi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja kwa mwaka wa sita sasa. Siku moja alimwagikiwa na mafuta yake kwenye shati jeupe, akalipeleka kwa dobi. Alipokuja kulichukua, Mama Pasi alimkabidhi, kisha akasema bila kuulizwa:

"Hiki ulichojimwagia ni kizuri, ila ikifika saa sita kinakata tamaa."

Fundi akamtazama juu ya miwani. "Umejuaje?"

"Asubuhi nimelipitisha pasi, mvuke umepanda nacho, nikafurahi. Mchana nimelirudia kola, nikakuta limenyamaza."

Fundi alikuwa amehangaika na kasoro hiyo hiyo miezi miwili bila kuipatia jina. Akamwomba aje kwake Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja kabla ya masika ninayotaka kuyasimulia.

Sasa, namna Fundi alivyofanya kazi inahitaji kuelezwa, maana humo ndimo balaa lilimopita. Hakuuza mafuta ya aina moja mwaka mzima. Alitengeneza mara nne, kwa majira: ya kiangazi, ya masika, ya kipupwe na ya vuli, na chupa zikiisha ndiyo zimeisha, anayetaka asubiri mwaka uzunguke. Alishikilia kwamba ngozi ya jua si ngozi ya mvua, na kwamba kumuuzia mtu mafuta ya kiangazi wakati wa baridi ni kumkosea adabu. Mafuta yakishachanganywa yalilazwa gizani siku arobaini. Yakiamka, yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto wa Mama Pasi.

Mkono wake mwenyewe Fundi haukufaa. Ulikuwa umeshika manukato miaka thelathini, kila tone jipya lilikuta la jana halijaondoka. Alihitaji ngozi isiyopakwa chochote, na mdomo usiojua kubembeleza. Mama Pasi alioga kwa sabuni isiyo na harufu, akaja asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Alijichorea mwenyewe mistari mitatu ya kalamu mkononi, akatia tone moja moja kwa kijiti cha kioo, na hakusugua, kwa sababu Fundi alikuwa akipiga kelele mtu akisugua. Kisha aliulizwa mara tatu: mafuta yakiwa bado mabichi, saa sita mchana, na jioni jua likiinama. Katikati ya hapo alikwenda zake, akafua, akapika, akakaa na watu, maana mafuta lazima yaishi na mtu ndipo yajulikane tabia.

Fundi hakuwahi kuunusa mkono ule. Kwanza kwa heshima: kuinamia mkono wa dada wa watu na kuvuta pumzi hakukumkalia vizuri. Pili, alisema, "Pua yangu inajua kilichomo kwenye chupa. Haijui kinachokaa na mtu." Kwa hiyo aliuliza tu, "Unaonaje?" na jibu akaliandika neno kwa neno kwenye daftari nene lenye jalada jekundu, bila kurekebisha hata kituo.

Na majibu yalikuwa majibu. Kuhusu mafuta fulani ya kiangazi alisema: "Yanaingia kwa kishindo kama shemeji aliyesema kaleta zawadi, lakini mpaka jioni zawadi hujaiona." Fundi aliyamwaga siku ile ile. Kuhusu ya kipupwe, yenye karafuu na msandali: "Haya ni ya mtu aliyepatana na mkewe asubuhi hii." Hayo yaliisha ndani ya wiki mbili. Kuhusu ya vuli mwaka mmoja: "Yanasikitika, lakini hayasumbui watu." Wateja walipouliza mafuta haya yakoje, Fundi alifungua daftari akawasomea, na waliondoka wakicheka au wakiwa wametulia, ila chupa wanayo mkononi.

Mara nyingine neno lilimjia Jumatano, katikati ya rundo la mashuka ya nyumba ya wageni. Basi alikatiza njia akienda nyumbani, akabisha dirisha la Fundi, akasema, "Lile la saa sita nilikosea. Si kiu, ni njaa." Fundi akafuta, akaandika njaa. Kama kuna furaha aliyokuwa nayo Mama Pasi duniani, ndiyo hiyo. Aliishi na mdogo wake, mwalimu wa chekechea, mnene, mcheshi, msema lolote, na alimpenda sana. Lakini pale kwenye kiti kimoja kizima, mbele ya mtu anayeandika anachosema, ndipo alipojiona mtu kamili.

Masika yale, Fundi alikuwa ametamani mafuta ya asumini. Asumini aliinunua miaka yote kwa mama mmoja mjane nje kidogo ya mji, watu walimwita Bi Maua, mwenye mistari mitano ya miche nyuma ya nyumba. Bi Maua alichuma alfajiri, akafunga maua kwenye kitambaa kibichi, akayaleta kabla hayajajua kwamba yamechumwa. Fundi aliyachanganya na mchaichai kidogo na mzizi fulani wenye harufu ya udongo. Siku arobaini zikapita.

Jaribio la kwanza, asubuhi, Mama Pasi alifumba macho. "Mvua inakuja, nguo ziko kwenye kamba, lakini sina haraka ya kuzianua."

Fundi akaandika huku akitabasamu. Saa sita alipouliza tena, Mama Pasi alisitasita.

"Kuna kitu kama sarafu. Sarafu uliyoishika muda mrefu mkononi."

"Sarafu?"

"Andika. Ndiyo ninayoiona."

Jioni alirudi amekunja uso. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kulitamka neno alilolitamka. "Fundi, yamechacha."

Fundi aliliandika. Akakaa akilitazama. Siku iliyofuata akapunguza mchaichai, akayalaza siku saba tu kwa kuwa mvua zilikuwa mlangoni, akajaribu tena. Sarafu ile ile, kuchacha kule kule. Mara ya tatu akauondoa mchaichai wote. Mama Pasi aliona vibaya hata kufungua mdomo, ila hakufundishwa kusema uongo kwenye kiti kile. "Bado, Fundi. Tena safari hii yamewahi."

Ukitoa mchaichai, na mzizi unaujua, kinachobaki ni asumini. Fundi alikwenda kwa Bi Maua kumuuliza amenyunyizia nini kwenye miche. Bi Maua akaapa hajanyunyizia kitu zaidi ya maji. Walirushiana maneno, Fundi akarudi amevimba, akatafuta asumini kwa mtu mwingine kabisa, akaanza kuchanganya mara ya nne. Yale ya tatu alimpa Mama Pasi kwenye kichupa. "Kaa nayo nyumbani. Labda ni chumba changu hiki kina mkosi."

Jumapili alasiri, Mama Pasi alikuwa akikunja nguo chumbani, mdogo wake akapita nyuma yake kutafuta kitana. Mama Pasi akainua kichwa. Chumbani mlikuwa na mvua. Si mvua ya nje, nje kulikuwa kukavu. Mvua ya kupendeza, ile ya nguo kwenye kamba, na nyuma yake asumini imetulia kama mgeni aliyelelewa vizuri.

"Umepaka nini?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Nimepaka kile kichupa chako cha kuchacha. Tangu asubuhi. Watu kumi wameniuliza nimekitoa wapi, nikawaambia mimi harufu yangu ya kuzaliwa."

Mama Pasi alimsogelea, akamnusa shingoni, akamnusa mkononi. Kisha akachukua kichupa kile kile, akajitia tone. Wakakaa mezani wawili, mikono imelazwa sambamba juu ya kitambaa cha meza, mnene na mwembamba, wakisubiri. Mdogo mtu mwanzoni alitania kwamba wanangoja kupigwa sindano. Baada ya saa tatu hakutania tena. Mkono wa mdogo ulinukia masika. Mkono wa dada ulitoa harufu ya sarafu, na chini ya sarafu kile kichachu.

"Dada," mdogo akasema taratibu, "miguu yako imevimba tangu lini?"

Ilikuwa imevimba tangu kiangazi. Alidhani ni kusimama. Gauni alilipunguza kiuno mara mbili, akadhani ni umri. Ngozi ilimwasha, akailaumu sabuni. Chakula kilikosa ladha, akamlaumu mdogo wake kwa mapishi, na ugomvi wa jambo hilo ulikuwa bado haujaisha. Alikaa akiutazama mkono wake wa kushoto, usio na lawama miaka yote ile, akaelewa kwamba mafuta hayakuchacha hata siku moja.

Mdogo wake alimburuta zahanati kesho yake, na kutoka hapo hospitali. Wakamtoa damu, wakamwambia arudi baada ya siku tatu. Daktari aliyesoma majibu alikuwa kijana mwenye adabu na haraka.

"Mama, figo zako zinafanya kazi chini ya nusu. Kuna dawa, kuna chumvi utaiacha, na kila mwezi utakuja tupime. Tukienda vizuri, tutazilinda nguvu zilizobaki muda mrefu."

"Na ngozi, daktari? Itarudi ilivyokuwa?"

Daktari hakulielewa swali. "Ngozi ndiyo jambo dogo hapo, mama."

Njiani mdogo mtu alimshika mkono kama wale watoto wake wa chekechea wanapovuka barabara. "Mwambie Fundi," akasema. "Mwambie leo."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Na nisimpambe: aliogopa. Kufa alikuogopa kidogo, kama watu wote, lakini kufa kulikuwa mbali na Jumatatu ilikuwa karibu. Mkono ukishajulikana mbovu, nani atamwita tena kwenye kile kiti? Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema kwamba anayejipaka ndiye anayejua, na aliyekuja kunusa mkono wa mwenzake amechungulia dirishani tu. Mama Pasi alijiona amerudi kwenye "zimekwisha" na "bado" mpaka siku ya mwisho ya maisha yake, na akashindwa kulikubali jambo hilo.

Kwa hiyo Jumatatu ya jaribio la nne alifanya hivi. Asubuhi alijitia tone mbele ya Fundi kama kawaida, akasema ya asubuhi, ambayo yalikuwa kweli kwa sababu yakiwa mabichi mafuta yalikuwa mema hata kwake. Kisha akaomba kichupa, akaenda nacho nyumbani, akampaka mdogo wake, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa na alikubali kwa shingo upande. Saa sita alimnusa. Jioni alimnusa tena. Yalikuwa mafuta mazuri. Si kama yale ya tatu yenye asumini ya Bi Maua. Haya yalikuwa na utamu uliojitangaza kidogo, lakini mazuri. Akarudi kwa Fundi na mkono wake wa kushoto umefunikwa na shati la mikono mirefu.

"Unaonaje?"

"Nguo zimeshaanuliwa, mvua inaanza, na uliyekuwa ukimsubiri ameshabisha hodi."

Fundi aliandika, akapiga meza, akasimama akazunguka chumba chote, safari ambayo haikuchukua muda. "Hakuna sarafu?"

"Hakuna."

"Hakuna kuchacha?"

"Hakuna, Fundi."

"Unaona! Nilisema mimi! Maua ya yule mama ndiyo mabovu. Nimebadilisha maua, kila kitu kimenyooka. Na bado aliniapia, mtu mzima! Sasa namtumia ujumbe aache kubisha. Namwambia mkono wa Mama Pasi umekwisha kusema."

Mama Pasi alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, fupi, lisilozidi pumzi moja. Akaufunga, akasema inabidi awahi nyumbani kupika.

Alikaa nalo siku tisa. Siku ya tatu aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu dobi wa kwanza aliyemwajiri alipokuwa hai. Siku ya tano alipita kwa Fundi, akamkuta anamsomea mteja yale maneno ya hodi, na mteja anacheka, na yeye akahisi vibaya kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake mbele ya mwenyewe. Mdogo wake, ambaye hakujua kunyamaza hata msibani, sasa alikuwa akinyamaza mezani. Ukimya huo ndio uliomshinda. Jumatano alimaliza mashuka yake, akaenda, akabisha dirisha, lakini hakusemea dirishani. Aliingia akaketi.

"Fundi, mafuta ya kwanza hayakuchacha. Wala ya pili, wala ya tatu."

Fundi alidhani ni neno jipya limemjia, akavuta daftari, akafungua kalamu.

"Ni mimi ninayeumwa. Figo. Ukiyapaka kwa mtu mwingine yananukia vizuri, nimeyajaribu kwa mdogo wangu. Asumini ya Bi Maua haikuwa na kasoro. Ilikuwa bora kuliko hii uliyonunua."

Kalamu ilikuwa hewani. Kwanza uso wa Fundi ulijaa huruma, na alikuwa karibu kusema pole, nadhani alikuwa ameshaikusanya mdomoni. Halafu akahesabu.

"Ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Ya pili? Ya tatu?"

"Sikujua."

"Ya nne?"

"Nilijua."

"Yale uliyoniambia jioni ile, mkono ulikuwa wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

Fundi alirudisha kifuniko cha kalamu. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Pole na ugonjwa, dada," akasema. "Hiyo pole ni ya kweli. Ningekuja kukuona, ningekuletea matunda. Mkono ukiumwa si kosa la mtu. Lakini mimi nimekuandika miaka kumi na mmoja sijakuuliza mara mbili."

"Nilijua ukisikia hutaniita tena."

"Ungenijaribu kwanza." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, uzi ukakatika, akabaki ameshika vipande viwili. "Yule mama nimemtukana, Mama Pasi. Nimemwita mwongo mlangoni kwake."

"Nitakwenda nikamwambie."

"Nenda. Mimi nitakwenda na langu, lakini maneno niliyompelekea ni yako. Kayachukue mwenyewe."

Hakusema njoo Jumatatu, wala hakusema usije. Daftari jekundu alilirudisha juu ya rafu.

Jumapili walikwenda wawili, yeye na mdogo wake, kwa sababu miguu ilikuwa mizito na njia kutoka barabara kuu ilikuwa ya kupanda. Nyumba ya Bi Maua ilikuwa ndogo, ukuta umepakwa chokaa hadi kiunoni, uani kumefagiliwa. Mwenyewe alikuwa nyuma, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, anaokota mawe kwenye ardhi iliyochimbuliwa. Mistari miwili ya asumini ilikuwa imesimama. Mahali pa mitatu mingine palikuwa na mashimo, na miche ilikuwa imerundikwa kando ya ukuta, mizizi juu, mingine bado ina maua yaliyogeuka rangi ya chai.

"Mimi ndiye Mama Pasi," akasema, hata kabla ya kukaribishwa.

Bi Maua akanyoosha mgongo. Akamtazama kuanzia kichwani, pole pole, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtu mwingine. "Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani u mnene."

Mama Pasi aliyasema yote pale pale amesimama. Alisema ugonjwa, alisema mikono miwili mezani, alisema jaribio la nne na shati la mikono mirefu. Hakuacha kitu, na hakukipamba. "Maua yako hayakuwa na neno lolote," akamaliza. "Naomba unisamehe."

Bi Maua alijifuta mikono kwenye khanga yake, muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Fundi alipokuja kunigombeza," akasema, "nilimwambia atoke. Nilimwambia asumini yangu naijua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu, na kwamba pua yake yeye imezeeka. Hakuninyima usingizi hata kidogo. Nilikuwa nimeshaamua nitafute mtu mwingine wa kumuuzia." Akageuka kutazama rundo la miche. "Lakini kila nikimpelekea maua, miaka yote, alikuwa akinisomea ulivyosema. Mwaka mmoja ulisema asumini yangu inanukia kama nyumba ambayo watoto wote wamesharudi. Mimi wangu hawajarudi. Nilikaa na neno lile mwaka mzima. Nikawa nachuma alfajiri nikijiuliza, je, safari hii yule mama atasemaje?"

Mama Pasi hakuweza kumtazama.

"Basi ujumbe ulipokuja, kwamba Mama Pasi amejaribu maua ya mwenzangu na kwake hayachachi, sikubisha. Angesema mwingine yeyote, ningebisha mpaka leo. Kwa kuwa ni wewe, nilijua ardhi yangu ina ugonjwa. Nikachukua jembe asubuhi ile ile, ili usije ukaambukiza na hii miwili."

Upepo ulipita kwenye mistari miwili iliyobaki, na harufu ikaja, safi, tulivu, haina sarafu ndani yake wala chochote kibaya.

"Inachukua miaka mitatu mche kutoa maua ya maana," Bi Maua akasema, si kwa hasira, kama mtu anayemweleza mgeni jambo asilolijua. Kisha akaiona miguu ya Mama Pasi ilivyojaa kwenye kandambili. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka kando ya rundo la miche, mahali penye kivuli. "Kaa. Miguu hiyo si ya kusimama."

Mama Pasi akakaa, akalia, na hakuwa akizililia figo zake.